Rimu za Boxer nimezipaka rangi mara mbili, zote zimebanduka

Boxer_wa_Busia

Ndugu zangu, habari za huko. Mimi niko Busia, upande wetu wa Uganda, naendesha bodaboda. Pikipiki ni Bajaj Boxer BM100 ya magurudumu ya spoku, si ya aloi. Niliinunua mkononi kwa jirani aliyekuwa akibebea samaki, na nyote mnajua maji ya samaki yanavyokula chuma. Kromu ya rimu ilikuwa imeshatoka madoa ya kutu kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Mwezi wa pili nikasema nitazipaka mwenyewe nyumbani. Nikanunua makopo mawili ya kupuliza, rangi ya dhahabu. Nikaosha magurudumu, nikayafuta kwa petroli, nikafunika tairi kwa magazeti, nikapuliza pale pale uani bila kufungua kitu. Siku ya kwanza steji nzima ilinipigia makofi. Wiki ya tatu rangi ikaanza kutoka kama ganda la yai lililochemshwa, kipande kizima kizima, na chini yake kromu inang'aa tu, haina habari.

Mwezi wa nne nikarudia. Safari hii nyeusi, tena tabaka nne nene ili ishike vizuri. Mvua zilipokolea ikatoa malengelenge, nikiyabonyeza yanatoka maji ya kutu.

Sasa naomba kujua: tatizo ni rangi ninazonunua? Ni lazima nifungue spoku zote 36 za kila gurudumu? Na kazi hii inaweza kuisha Jumapili moja, maana Jumatatu nikikosa barabarani nyumbani hatuli?

Halafu jambo dogo la pembeni, gurudumu la nyuma limepata pancha mara tatu mwezi huu, bila msumari wala mwiba. Nadhani ni tyubu za siku hizi.

Kijana_wa_Kisekka

Kaka, rangi ya kopo juu ya kromu ni kupaka mafuta juu ya kioo. Uza hizo rimu kwa wa vyuma chakavu, panda basi uje Kisekka, soko la vipuri huku Kampala, utachagua rimu mpya ukitaka nyeusi, ukitaka ya dhahabu. Muda unaopoteza kusugua ni muda wa kubeba abiria.

Mama_Boda_Mbili

Mwanangu, mimi niko Tororo, nina pikipiki mbili ambazo vijana wananiendeshea. Za kwangu zilipoanza kutu sikutafuta urembo. Nilimwambia kijana asugue kwa brashi ya waya, apake rangi nyeusi ya mafuta, ile ya kupakia mageti, kwa brashi ndogo ya mkono. Haing'ai, ina alama za brashi, lakini miezi minane sasa ipo. Kwa vumbi letu hili jekundu nani anaangalia kung'aa?

Ila alipaka mpaka kwenye nati za spoku. Juzi gurudumu limeanza kuyumba, fundi akashindwa kuzungusha nati hata moja, akazikata spoku sita. Hilo ndilo lililonigharimu, si rangi.

Mstaafu_Bombo

Nimesoma yote. Mimi nimefanya kazi karakana ya jeshi tangu likiitwa NRA, nimestaafu niko Bombo, na pikipiki nilizopaka magurudumu sizihesabu. Sikilizeni.

Kijana wa Busia, umeuliza habari za rangi, lakini jambo kubwa umelitupa mwisho kama takataka. Pancha tatu bila msumari. Nijibu kwanza: fundi wa pancha alipotoa tyubu, tundu lilikuwa upande gani? Upande unaogusa tairi, au upande wa ndani unaolalia rimu? Kama ni upande wa rimu, mwiba unaoutafuta barabarani uko ndani ya gurudumu lako. Maji huingia kwenye matundu ya spoku na tundu la valvu, yanakaa humo, hayana pa kutokea. Kutu inavimba chini ya ule ukanda wa mpira unaolala kati ya rimu na tyubu, inakuwa kama kikuna nazi, nayo tyubu inasugua hapo kila ukipita shimo. Unaweza kupaka nje rangi ya dhahabu ya Kabaka, ndani bado inakutoboa.

Kwa hiyo gurudumu litoke, tairi itoke, ukanda utoke. Chukua bisibisi ya ncha butu, ipite ndani ya rimu pole pole, hasa kuzunguka matundu ya spoku, ukikandamiza. Ikigonga chuma kigumu, endelea. Ikizama, au chuma kikimeguka kama biskuti, simama hapo hapo. Rimu hiyo haipakwi rangi, inatupwa. Spoku zote zinavuta kwenye matundu hayo, na wewe unabeba watu.

Kama iko salama, angalia kama imenyooka kabla hujagusa msasa. Rudisha gurudumu kwenye ekseli bila tairi, funga waya mdogo kwenye uma unaoshika gurudumu, ncha yake ikaribie rimu, zungusha. Mwanya kati ya waya na rimu ukipanuka na kubana zaidi ya milimita 2, kuna spoku za kukaza na za kulegeza. Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inasema "dub". Unyooshaji huu unafanywa sasa, nati zikiwa wazi, maana baada ya rangi yatakukuta ya Mama wa Tororo. Mama, pole sana kwa spoku zako.

Kuhusu kufungua spoku zote: hapana. Ukizifungua na hujui kusuka gurudumu, utampelekea fundi mfuko wa vyuma. Mtu wa kufungua zote ni yule anayepeleka rimu kwa rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Kwako wewe, nenda kachukue mirija ya soda. Ikate vipande vya urefu wa kidole gumba, pasua kila kimoja kwa wembe ubavuni, kivishe kwenye spoku kisukume mpaka kifunike nati. Vipande 36, nusu saa. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ifunge kwa nailoni na tepu, na uhakikishe hata tone haliingii ndani ya ngoma ya breki. Viatu vya breki vikinywa rangi au thina, usimame mbele ya lori la Malaba uone.

Sasa kwa nini rangi yako ilitoka. Kosa la kwanza umeshaambiwa, kromu ni laini mno, rangi haina pa kung'ang'ania. Sugua kwa msasa namba 80 penye kutu mpaka chuma cheupe kionekane, kisha 240 kote, kisha 400 kwa maji, mpaka rimu iwe na ukungu, usione tena meno yako humo. Kona za karibu na nati ndizo zinazochosha. Hapo kunja msasa uwe mkanda mwembamba, uvute kama mtu anayeng'arisha viatu. Usikimbilie kuiloweka kwenye asidi ya betri kama wanavyofanya wengine. Asidi inakula nyuzi za nati, na inaweza kufanya chuma kigumu cha spoku kiwe chepesi kukatika.

Kosa la pili ni petroli. Petroli inaacha utando wa mafuta. Osha kwa sabuni ya unga, kausha juani, kisha futa kwa thina na kitambaa safi. Kuanzia hapo usiishike kwa kiganja kitupu, jasho la mkono nalo ni mafuta.

Kosa la tatu, hukuweka praima, ile rangi ya kwanza inayoshikisha rangi ya juu. Tafuta praima ya epoksi, ile ya makopo mawili ya kuchanganya, wauza rangi za magari wanayo. Paka hata ndani, kwenye kitanda cha tyubu, ndani ndiko kunakohitaji zaidi.

Na la nne ni tamaa. Tabaka nne nene, tena katikati ya mvua! Juu ilikauka, chini thina ilibaki imefungiwa na unyevu, ikatafuta njia, ndiyo malengelenge. Tabaka ya kwanza iwe ukungu tu, hata uone chuma kupitia humo. Kisha mbili nyepesi. Anza saa nne asubuhi, umande ukishakauka, acha saa tisa. Mwaga maji chini uani ili vumbi lilale.

Jumapili moja haitoshi. Toa gurudumu moja moja. Kama kuna mwenzako anayeweza kukuazima la kwake, utaendelea na kazi. Usirudishe tairi kabla ya wiki moja hata kama rangi imekauka mkononi. Chuma cha kung'olea tairi kitaichubua.

Boxer_wa_Busia

Jambo afande. Nimekusoma mara mbili. Nimemuuliza wa pancha, anasema viraka vyote vitatu viko upande wa rimu, tena karibu karibu. Nimenyamaza tu.

Swali moja: muuza rangi ananiambia nichukue ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ati ni ngumu kuliko zote. Nipulize hiyo?

Mstaafu_Bombo

Ni ngumu kweli, na petroli haiiyeyushi. Lakini ukungu wa hadina ile unaharibu mapafu, mtu anaweza kupata pumu ya kudumu. Kitambaa cha puani hakizuii, na barakoa ya hospitali vile vile. Kama huna kifaa chenye vichujio vya kemikali, chukua rangi ya kawaida ya kopo uipulize nje, upepo ukiwa mgongoni. Hata hiyo praima ya epoksi ipake kwa brashi na glavu, usiipulize. Na usichanganye jamii. Rangi ya thina ukiiweka juu ya ile ya mafuta ya Mama, itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo kama kuna mabaki ya zamani, yote yatoke.

Mama_Boda_Mbili

Afande, na zangu je? Nati zilizobaki ziko ndani ya rangi.

Mstaafu_Bombo

Mama, mwambie kijana akwangue rangi shingoni mwa kila nati kwa kisu, adondoshee oili ya kupenya, alaze usiku, halafu ajaribu robo mzunguko tu kwa spana ya spoku yenyewe. Akitumia koleo atazichana pembe, na ndipo mtakapokata tena. Zitakazokataa, siku nyingine tena oili, hakuna vita.

Boxer_wa_Busia

Nimerudi, wiki saba baadaye.

Gurudumu la nyuma: ukanda wa mpira ulitoka vipande vipande, chini yake unga wa kutu umejaa kiganja. Bisibisi ilizama pembeni ya matundu mawili, la tatu likameguka lenyewe. Nilikaa chini kidogo, maana wiki ileile nilikuwa nimepakia watu wawili na gunia kwenda Majanji. Nikanunua rimu mpya, fundi akaisuka kwa spoku mpya. Hiyo sikuipaka kitu, ndani tu nikaweka praima na ukanda mpya. Tangu hapo pancha ni moja, na hiyo ilikuwa msumari halali.

La mbele lilikuwa zima. Msasa ulinichukua siku mbili za jioni, vidole vikachubuka, mke wangu akauliza kama ninaisugua pikipiki au ninaioa. Mirija ya soda ilifanya kazi, ila mmoja uliteleza, kwa hiyo nina nati moja nyeusi. Nyeusi nimeweka tabaka tatu, nyepesi.

Nilivumilia siku tano badala ya saba. Basi pale karibu na valvu chuma cha tairi kimechubua mahali kama ukucha. Nimekigusia kwa brashi ndogo.

Sasa mbele nyeusi, nyuma kromu. Steji wameniita Punda Milia.