Mamkubwa ana kansa ya ziwa, ameacha kemo ili afunge. Hii autofajia kweli inakula kansa?

BintiWete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Wete, Pemba. Mamkubwa wangu, dada wa tumbo moja na mama, amegunduliwa kansa ya ziwa. Kinyama kilichukuliwa, majibu yakatoka, akaandikiwa kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, na huko akaanzishiwa dripu za kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa. Amerudi nywele zimenyonyoka, mdomo una vidonda, hata uji wa mchele aliokuwa akiupenda anausukuma pembeni.

Sasa katika grupu la familia kumeingia sauti. Bwana mmoja anazungumza kwa utulivu kabisa, anasema kuna Mjapani alipewa tunzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba mtu akifunga seli zake zinaanza kujila, zinaanza na zile mbovu, na kwa kuwa kansa ni seli mbovu basi mwenye kufunga sana kansa yake inaliwa yote. Jambo lenyewe analiita autofajia. Mamkubwa ameisikiliza mpaka ameihifadhi. Siku hizi anafunga karibu kila siku, anafuturu maji ya moto na tende, na ameniambia wazi kwamba boti ya kwenda kwenye dripu inayofuata hapandi. Ana sukari pia, anameza metformini na glibenklamidi.

Mama analia jikoni. Mjomba anasema tumwache, funga ni ibada, nani atamkataza. Mimi baiolojia nimeishia fomu foo. Nataka kujua: huyo Mjapani yupo? Aliyasema hayo? Na ikiwa autofajia inasafisha seli, mbona isisafishe kansa? Nipeni hoja ninayoweza kumpelekea mwenyewe, maana nikimwambia "daktari kasema" ananyamaza tu.

Kijana_Chake

Allah ampe shifaa mamkubwa. Sauti hiyo hiyo imefika huku Chake, na mimi niliituma kwa watu watatu wanaougua. Nasubiri jibu pamoja nawe.

Mfamasia_Ngambo

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi ni mfamasia, nipo Ng'ambo, Unguja. Kabla ya Mjapani tuzungumze sukari, kwa sababu hilo haliwezi kungoja.

Glibenklamidi inailazimisha kongosho itoe insulini hata kama tumbo halina kitu. Mtu mzima aliyedhoofishwa na kemo akiimeza wakati wa daku kisha akakaa na njaa mpaka magharibi, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Mukimuona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, maneno yake hayaeleweki, na bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imekaribia, kisha nendeni hospitali. Akiwa hajitambui musimtie kitu mdomoni, mkimbizeni. Na leo hii mpigieni anayemwandikia dawa za sukari mumweleze kwamba mgonjwa anafunga. Musipunguze dawa wenyewe.

Sasa Mjapani. Yupo, anaitwa Yoshinori Ohsumi, na Nobel ya tiba alipewa kweli, mwaka 2016. Lakini hakumfungisha mtu hata mmoja. Alichokuwa akikitazama kwenye hadubini ni hamira, hii hii tunayotilia maandazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua hamira isiyokuwa na baadhi ya vimeng'enya vya kuyeyushia taka, akainyima chakula, na baada ya saa chache akaona vifuko vidogo vimejazana ndani ya seli, vimebeba vitu ambavyo seli ilitaka kuviyeyusha na haikuweza. Mwaka 1993 akatangaza jeni 15 zinazoiendesha kazi hiyo. Tunzo ni ya hapo: kutuonesha mashine inavyofanya kazi. Kuhusu kuponya kansa kwa njaa hakuthibitisha kitu, na hakupewa tunzo kwa hilo.

Mashine yenyewe iko hivi. Ndani ya karibu kila seli kuna vifuko vyenye tindikali na vimeng'enya vikali, vinaitwa lisosomu. Aliyevigundua ni Mbelgiji, Christian de Duve, mwaka 1955. Protini ikikunjika vibaya, au mitokondria, yaani kile kiwanda cha nguvu cha seli, ikichakaa, utando unajikunja kuizunguka mpaka unaifungia ndani, halafu kifuko hicho kinakwenda kuungana na lisosomu. Kilichomo kinayeyushwa na vipande vyake vinatumika upya. Kazi hii inaendelea mwilini mwako sasa hivi, umekula hujala. Ukiwa na njaa insulini inashuka, na kazi inaongezeka.

Hapa ndipo sauti ile ilipowapoteza watu, na hii ndiyo hoja ya kumpelekea mamkubwa. Katika autofajia seli haili seli nyengine. Inakula vitu vyake yenyewe, vya ndani yake. Na seli ya kansa si taka iliyolala ndani ya seli nzima. Ni seli kamili, hai, ina jeni zile zile za autofajia na lisosomu zake. Mamkubwa akifunga, seli zake nzuri zinafanya autofajia na seli za kansa nazo zinafanya. Kila moja inajihudumia.

Wewe umeuliza mbona isisafishe, na swali lako ni zuri, kwa sababu kuna upande wa ukweli. Mwaka 1999 Mmarekani Beth Levine na wenziwe waliandika kuhusu jeni ya autofajia inayoitwa beclin 1. Waliikuta imepungua katika seli nyingi za kansa ya ziwa, na walipoirudisha katika seli hizo maabara, zikapunguza kasi ya kukua. Mwaka 2003 panya waliozaliwa na nakala moja tu ya jeni hiyo badala ya mbili walionekana kupata vivimbe zaidi ya wenziwao. Kwa hiyo autofajia nzima inailinda seli nzima. Mitokondria mbovu zikiachwa zinatoa kemikali zinazojeruhi jeni, na jeni zikijeruhiwa ndipo kansa inapoanzia. Kwa mtu ambaye hajaugua huo ni ulinzi wa kweli.

Lakini uvimbe ukishasimama mambo yanageuka. Katikati ya uvimbe mishipa ya damu haifiki vizuri, oksijeni ni kidogo, chakula kidogo. Ilitakiwa seli za hapo zife. Zinabaki hai kwa autofajia, sawa na nyumba iliyokatikiwa na mapato ikaanza kuuza makabati ili watu wale. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionesha kwamba kansa zinazosukumwa na jeni ya Ras, jeni inayoiamrisha seli igawike, na kansa ya kongosho ni mojawapo, zinaitegemea autofajia kiasi kwamba ukiizima zinadhoofika. Mwaka huo huo Wajapani walizima jeni za autofajia katika maini ya panya. Vivimbe vikaota, lakini vikabaki vya kawaida, havikuwa kansa ya kusambaa. Utafiti huo peke yake umebeba pande zote mbili: bila ulinzi uvimbe unaanza, na bila chakula hicho cha ndani haufiki mbali.

Tena mamkubwa analijua jambo jengine bila ya kujua kwamba analijua. Muulize kama anaikumbuka klorokwini. Watu wa umri wake wote wanaikumbuka, ule uchungu wake na ule mwasho, mtu anajikuna usiku kucha na homa imeshaondoka. Zanzibar tulihamia dawa mseto za malaria mwaka 2003 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Klorokwini inaingia ndani ya lisosomu na kuipunguzia tindikali, taka haziyeyuki, autofajia inakwama njiani. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, tunayowapa wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi, imejaribiwa kwa wagonjwa wa kansa pamoja na kemo kwa lengo la kuizima autofajia ya seli za kansa. Mpaka leo haijawa tiba ya kawaida, majibu yamechanganyika. Lakini lengo lao ulione: yeye anakaa na njaa ili aiongeze autofajia, na wanaotafuta tiba wanahangaika kuizima. Huyo bwana wa kwenye sauti hakuyasema haya.

Na njaa haimchagui kansa. Mgonjwa wa kemo asipokula anapoteza nyama ya mwili, chembe za damu zinachelewa kurudi, na dripu inaahirishwa au dozi inapunguzwa. Nafasi iliyokuwepo ya kuupiga uvimbe ukiwa mdogo inapita hivyo hivyo.

Mkaazi_Makunduchi

Bi Mfamasia, kwa heshima zote. Naona unaitia ila funga. Wazungu wenyewe wanaitafiti funga kwa wagonjwa wa kansa, nimesoma. Kwa nini usiseme?

Mfamasia_Ngambo

Kaka yangu, mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi, na siitii ila ibada yangu. Na ni kweli inatafitiwa. Uholanzi, mwaka 2020, yalitoka majibu ya wanawake 131 wenye kansa ya ziwa. Nusu yao walikula chakula maalumu kidogo sana siku tatu kabla ya kemo na siku yenyewe ya kemo. Uvimbe wa kundi hilo ulionekana kuitikia dawa vizuri zaidi, ingawa madhara ya kemo hayakupungua kama ilivyotarajiwa, na wengi wao walishindwa kukifuata chakula kile mpaka mwisho. Uangalie utafiti wenyewe ulivyokuwa: wote walipata kemo. Njaa iliwekwa pembeni ya dawa, madaktari wanapima. Hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani. Mtu akitaka kuutumia utafiti ule kumshauri mgonjwa, basi ampeleke mgonjwa hospitali kwanza.

Ustadh_Mkoani

Upande wa dini nitasema mafupi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa hata katika Ramadhani yenyewe, alipe siku nyengine, na asiyeweza tena ana fidia. Ikiwa faradhi imeondoshewa uzito mgonjwa, vipi sunna? Mwambieni mamkubwa kwamba kula kwake sasa hivi na kutafuta dawa kuna thawabu, na dua aombe bila kufunga. Akitaka kusikia kwa mtu, nitafutieni nafasi nije Wete, nitakaa naye.

BintiWete

Allah awalipe nyote. Nilimsomea jana baada ya isha, maneno ya Bi Mfamasia, neno kwa neno. Pale pa seli za kansa nazo kufanya autofajia akaniambia rudia. Nikarudia. Klorokwini akacheka, akasema ilikuwa ikimwasha nyayo. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Basi si ninunue klorokwini nimeze?" Sijui nimjibu nini. Kuhusu boti hajasema ndio, lakini ameuliza tarehe. Leo asubuhi amekula yai.

Mfamasia_Ngambo

Alhamdulillah kwa hilo yai.

Klorokwini hapana, na haidroksiklorokwini pia hapana, asinunue popote. Walioijaribu waliijaribu hospitalini pamoja na kemo, wakipimwa moyo na macho, na bado haijathibitika. Dozi ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Na haidroksiklorokwini nayo inaweza kushusha sukari, juu ya glibenklamidi aliyonayo. Mwambie nimefurahi kwa swali lake, linaonesha ameielewa hoja yenyewe, lakini jibu ni hapana.

Vidonda vya mdomo: asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea (baking soda), kila baada ya kula. Pilipili, ndimu, embe mbichi na vitu vya moto sana viwekeni kando kwa sasa. Mpeni chakula laini kilichopoa: samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba, mayai, maziwa, mbatata za kuponda, choroko zilizoiva mpaka zikalainika. Kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, usimwekee sahani kubwa ikamkatisha tamaa. Uji mpeni, lakini sukari ya kutilia mupime kwa sababu ya maradhi yake.

Mununue kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38 katika kipindi cha kemo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, musimpe panado mkangojea asubuhi.

Tarehe ya dripu kama imepita musikae mukaona aibu. Pigeni simu kule anakotibiwa, semeni mgonjwa alisita na sasa anauliza. Watawapangia upya, pengine watataka damu ipimwe kwanza. Safari hiyo aende na karatasi ya majibu ya kile kinyama, na vidonge vyake vyote vya sukari ndani ya mfuko, vidonge vyenyewe, si majina tu. Na uende wewe naye, kwa sababu wewe ndiye anayekusikiliza. Waeleze madaktari habari ya vidonda vya mdomo na ya kushindwa kula. Kuna dawa za kichefuchefu za nguvu zaidi ya zile wanazoanza nazo, ila hawatazibadilisha ikiwa hakuna aliyewaambia.

Kijana_Chake, wale watu watatu uliowatumia sauti, watumie na haya.