Naomba ushauri: vitanza ndimi vya Kiingereza vinanishinda ninapoongeza kasi

Mleta mada: Habari zenu wanajamvi. Ninajifunza Kiingereza, na katika kikundi chetu cha mazoezi tumeanza kushindana kutamka vitanza ndimi. Ninaufurahia sana mchezo huu, kwani hata wenzetu waliokuwa wakiona haya kuzungumza sasa huisubiri zamu yao kwa hamu. Kinachonishinda ni “She sells seashells by the seashore”. Nikikitamka polepole hutoka sawasawa, lakini nikiongeza kasi, s na sh hubadilishana nafasi, ingawa zote mbili ninazitumia kila siku katika Kiswahili bila taabu. Nifanye mazoezi ya namna gani?

Jibu la 1: Ndugu mleta mada, ugumu hauko katika sauti zenyewe, bali katika kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Unapotamka s, ncha ya ulimi hukaribia ufizi ulio nyuma ya meno ya juu. Unapotamka sh, ulimi hurudi nyuma kidogo na midomo huchomoza. Sasa tazama mpangilio: “she sells” huanza na sh ikafuata s, ilhali “seashells” huanza na s ikafuata sh, kwa hiyo ulimi hutakiwa kugeuza utaratibu ule ule uliotoka kuufuata. Vitenge vipande hivyo viwili, virudie kwa kupokezana mbele ya kioo huku ukiangalia midomo yako, na usiongeze kasi kabla midomo haijabadilika vizuri kila mara.

Jibu la 2: Naunga mkono, ila usiiache kasi kabisa, maana ndiyo inayoleta kicheko, na anayecheka haogopi kujaribu tena. Wenye lugha yao nao hujikwaa. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Stefanie Shattuck-Hufnagel wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza kuhusu “pad kid poured curd pulled cod”, na baadhi ya waliojaribu kukirudia haraka walikwama wakanyamaza. Jaribuni pia “toy boat” mfululizo. Ni kifupi mno, lakini irabu ya neno la kwanza hulivamia la pili mara moja.

Mleta mada: Nashukuru sana, wakuu. Je, “The sixth sick sheikh’s sixth sheep’s sick” nikianzeje? Neno “sixth” peke yake hunikwamisha.

Jibu la 3: Hapo tatizo ni konsonanti zinazofuatana mwishoni: k, s, kisha th. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, ulimi wetu hutafuta pa kupumzikia na kutamka “siksithi”. Anzia mwisho: tamka th peke yake, kisha s na th bila irabu katikati, halafu utangulize k, na neno zima lije baadaye. Likishakaa sawa, litumie katika maneno ya kawaida kama “the sixth day” na “the sixth month”, kwa sababu mtu anaweza kulishinda shindano zima na bado akalikosea neno hilo hilo katika mazungumzo.