Tupeane uzoefu: Raspberry Pi na bodi nyingine za ARM zinazowaka usiku na mchana

Mzee wa Temino

Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za "Raspberry Pi inafanya kazi gani" zimejaa, sina haja ya kuongeza nyingine. Huu ni wa wale ambao bodi zao (kompyuta ndogo za ubao mmoja, zenye chipu ya ARM badala ya Intel) ziko kazini tayari: imekaa juu ya kabati, haina skrini wala kibodi, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku ikizima. Tuambie yako inaendesha nini, na kama imedumu au imekufa, sababu ilikuwa nini.

Naanza mimi. Pi 4 ya GB 4, ofisi ndogo Mwanza. Inatunza faili za ofisi kwa Samba na kuchuja matangazo kwa Pi-hole. Linux yenyewe haina tatizo. Adui ni umeme kukatika katikati ya kuandika. Watu husema kadi "imechoka", lakini mara nyingi si uchovu. Ndani ya kadi ya SD kuna kidhibiti kinachotunza ramani ya data yote, na umeme ukikatika wakati kinapanga upya vitu vyake, unaweza kupoteza hata faili ambalo hakuna aliyeligusa. Ndiyo maana bodi inawaka vizuri wiki nzima, asubuhi moja inagoma.

Nikahamia SSD kwa adapta ya USB. Balaa jipya: diski inaganda, inarudi, inaganda tena, na dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo) imejaa mistari ya uas_eh_abort_handler. Chipu nyingi za adapta za bei nafuu haziiwezi UAS, ile njia mpya zaidi ya kusafirisha data ya diski kwa USB. Andika lsusb, chukua zile namba mbili za adapta yako, kisha mwisho wa cmdline.txt (faili la amri za kuwashia bodi) ongeza usb-storage.quirks= ikifuatiwa na namba hizo na :u. Angalizo: cmdline.txt lazima libaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter humo ndani, bodi haiwaki. Kasi inapungua kidogo, lakini tangu hapo imetulia.

Karibuni.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Mkuu asante kwa uzi. Shuleni kwetu Njombe tuna Pi 3B yenye Kolibri ya mazoezi na Kiwix ya Wikipedia. Intaneti hakuna kabisa. Wanafunzi wanaunganisha tableti kwa Wi-Fi, wanasoma Wikipedia na kufanya mazoezi ya hesabu. Msijaribu kuhudumia darasa zima kwa Wi-Fi ya Pi yenyewe, antena yake ni ya kuhudumia watu wachache. Tulichukua rauta kuukuu, tukaichomeka kwa kebo ya mtandao, Pi ikabaki na kazi ya kutoa kurasa tu.

Kilichotutesa ni saa. Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa ya betri kama ya kompyuta ya kawaida. Ikiwaka, inauliza muda kwenye intaneti, na isipoipata inaendelea na muda iliouhifadhi mara ya mwisho. Sasa fikiria shule ambayo kila jioni swichi kubwa inazimwa: kila usiku unapita bila Pi kujua kwamba umepita. Ripoti za Kolibri zikawa vichekesho. Mtoto amefanya zoezi Alhamisi, ripoti inasema Jumapili.

Dawa ni kimoduli cha DS3231, ni saa yenye betri ya duara kama ile ya ndani ya kompyuta ya kawaida, CR2032. Kinakaa kwenye pini za mwanzo kabisa za bodi. Washa I2C (njia ya bodi kuongea na vimoduli), andika dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt (faili la mipangilio ya bodi), ondoa fake-hwclock (ile programu inayohifadhi muda wa mwisho), basi. Ukiandika i2cdetect -y 1 utaiona kwenye 68. Dereva akishaishika inageuka UU, usishtuke.

msomaji_tu

Mwalimu, config.txt siioni kwenye /boot. Nimeweka Raspberry Pi OS toleo la Bookworm.

Mzee wa Temino

Tangu Bookworm ya 2023 liko /boot/firmware. Na kama ulizoea kuweka wpa_supplicant.conf kwenye kadi ili Wi-Fi ijiunge yenyewe, nayo imekufa, sasa ni NetworkManager. Jina la "pi" na lile nenosiri lake la zamani havipo tangu Aprili 2022. Maelekezo mengi ya YouTube ni ya kabla ya hapo, watu wanapoteza usiku mzima.

Kijana wa Luthuli

Sasa nyinyi mnaongelea kadi, na mimi hapa Nairobi nikiletewa Pi "mbovu" kitu ya kwanza naangalia ni chaja. Naandika tu vcgencmd get_throttled. Ikileta 0x0 uko sawa. Ikileta 0x50005 hiyo bodi inakufa njaa saa hii unapoiangalia. 0x50000 maana yake ilikuwa na njaa wakati fulani tangu iwake, sasa imepata nafuu.

Shida ni hii: simu ikiletewa volti 4.7 inachaji polepole tu, haina maneno. Pi ikishuka chini ya kama volti 4.63 inapiga kelele na kupunguza kasi, na ukiichomekea diski ya USB ndio inaanguka kabisa. Unaniambia chaja imeandikwa 3A. Sawa, lakini kebo je? Zile kebo ndefu nyembamba za mtaani ziko na waya kama uzi ndani, volti inapotelea njiani. Hiyo ndiyo sababu chaja rasmi ya Pi imewekwa 5.1 badala ya 5: hiyo pointi moja ni ya kufidia kebo. Na Pi 5 ni mlafi, inataka 5A. Ukiipa chaja ya 3A itawaka, lakini inabania milango ya USB.

Kuna mteja mmoja alikuwa amebadilisha kadi na bodi yenyewe. Nilimpa kebo fupi nene. Akaenda.

Tetemeko

Samahani wazee, nawaharibia sherehe. Kwa nini mnajitesa? Ile dola 35 ya 2012 ilikuwa ya bodi tupu. Ukijumlisha bodi, chaja rasmi, kasha, feni, SSD na adapta, unapata kompyuta ndogo ya Intel iliyotumika ofisini Ulaya, ina saa yake, ina SATA yake, na programu yoyote inaingia bila kuuliza "hii ni arm64 au armhf" (ARM ya biti 64 au ya 32). 2021 na 2022 chipu zilipoadimika Pi ikauzwa mara mbili ya bei yake na watu bado wanaitetea.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Kaka, kwa ofisi yenye umeme nakubali. Sisi tuko kwenye sola. Betri ya 12V 7Ah ina kama Wh 84, na ile ya risasi huipeleki chini ya nusu, kwa hiyo una 42 za kutumia. Pi yetu na upotevu wa kishusha volti ni kama wati 5. Hayo ni masaa 8, siku ya shule nzima. Weka mashine yako ya wati 12 uone kama itafika saa sita.

Tetemeko

Hapo sina la kusema, mwalimu.

Bint Chake

Assalaam alaykum. Nipo Pemba, natumia bodi ya Kichina yenye chipu ya Rockchip RK3588S, si Pi. Nguvu inayo hasa, Pi 4 haioni ndani. Lakini jamani hizi bodi si kama Pi. Pi ukitia kadi ya Raspberry Pi OS inawaka. Huku kila bodi ina faili lake la devicetree (linaloieleza Linux bodi ina vifaa gani), ukitia la jirani yake utakaa na taa nyekundu mpaka kuche. Mimi nilianza na mfumo wa mtengenezaji, kerneli 5.10, nikahamia Armbian (Linux ya bodi za ARM) kwa sababu naona watu wanaoishughulikia.

Ukinunua bodi za namna hii, nunua na adapta ya USB kwenda TTL ya 3.3V siku hiyo hiyo, ya kusomea ujumbe wa bodi kwenye kompyuta nyingine. Kuna pini tatu za pembeni: GND, TX, RX. TX ya huku kwa RX ya kule. Bodi isiyotoa picha inakuwa inakueleza yote humo, tangu U-Boot (programu inayoiwasha) mpaka pale ilipokwama. Ila Rockchip husema kwa kasi ya biti 1500000 kwa sekunde, si 115200 ya Pi. Ukiweka 115200 unaona takataka tupu, na baadhi ya adapta huishia milioni moja, kwa hiyo soma maelezo ya chipu kabla hujalipa.

La pili ni chumvi. Nyumba yetu bahari naiona dirishani. Pini zikageuka kijani. Sasa bodi imo ndani ya kasha la alumini ambalo lenyewe ndilo linalopoza, sina feni ya kunivutia upepo wa bahari ndani.

msomaji_tu

Dada, Armbian hapo Docker (ya kuendesha programu ndani ya konteina) inakubali? Mimi kila konteina inaniambia exec format error.

Bint Chake

Inakubali. Hiyo konteina imejengewa amd64, yaani chipu za Intel na AMD. Tafuta yenye arm64 kwenye orodha yake, kama haipo ijenge mwenyewe au achana nayo.

Kijana wa Luthuli

Na kadi feki msisahau. Imeandikwa GB 128, ndani ni 8. Inakubali kuandikwa, inarudi kuandika juu ya ile ya kwanza. Sakinisha f3, fanya f3write halafu f3read kabla hujaweka kitu. Kama muuzaji hataki upime mbele yake, ondoka.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Wakuu, swali la mwisho. Nimesikia raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi) ina Overlay File System, kwamba kadi haiandikwi kabisa na unaweza kuchomoa waya wakati wowote. Niiwashe?

Mzee wa Temino

Iwashe, lakini elewa inachofanya: kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM, ukizima kinapotea. Alama za watoto wako nazo zitapotea. Hamishia kwanza folda ya Kolibri kwenye flashi ya USB kwa kuweka KOLIBRI_HOME huko, na kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kuunganishwa mfumo ukiwaka) uandike nofail. Bila nofail, siku mtoto akichomoa flashi, mfumo ukiwashwa tena utasubiri kisha uingie hali ya dharura, na wewe huna skrini ya kuona.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Flashi tunaigundisha kwa gundi kabisa. Watoto hawa nawajua.