Mafundi, acheni kuziba na kutoboa upya mipira ya bolingi kabla ya kupima chochote!

Wakuu, uzi huu ni wa mafundi wa kutoboa mipira, na pia wa wachezaji wanaowaitikia "sawa" kwa kila kitu. Mchezaji analeta mpira, analalamika haukati kona, na neno la kwanza la fundi ni: tuzibe matundu ya vidole, tutoboe upya. Hajauliza mpira umechezwa kiasi gani. Hajagusa gamba, yaani tabaka la nje la mpira, kwa kidole. Hajapima PAP, yaani ncha ya mhimili ambao mpira unauzungukia. Tayari ameshika keekee! Huu ni uharibifu wa mali ya mtu, na mwenye mali ndiye anayelipia.

Gamba kwanza, jamani. Gamba la rezini lina vinyweleo na kazi yake ni kunyonya mafuta yaliyopakwa kwenye leni, ile njia ya kurushia mpira. Likishiba mafuta, linateleza. Juu ya hapo, leni yenyewe inalisugua kila mpira unapopita, mpaka mikwaruzo ya msasa inafutika. Mpira uliotoka kiwandani ukiwa umepigwa msasa namba 2000 haubaki hivyo, hata ukiufuta kwa kitambaa kila baada ya mrusho. Kwa hiyo mpira "uliokufa" mara nyingi unahitaji kuoshwa na kusuguliwa tu. Ziba matundu kwa utepe usiopitisha maji, uloweke kwenye maji ya moto ya bomba (yasiwe yanachemka, gamba litapasuka), futa mafuta yanayojitokeza, rudia mpaka maji yasiwe na utando. Kisha weka kwenye mashine ya kuzungusha, tumia msasa wa maji, upige pande zote, nne au sita, kwa muda na mgandamizo uleule kila upande. Ukisugua upande mmoja zaidi ya mwingine umejitengenezea tatizo jipya.

Baada ya hapo urushwe. Bado unapitiliza bila kukata kona? Shuka hadi msasa 1000, ambao ni mkali zaidi. Unakata kona mapema na kufika kwenye pini umechoka? Panda hadi 3000 au 4000, ambayo ni laini zaidi, au upake polishi. Ukikosea namba unarudia kazi ileile kwa msasa mwingine. Epoksi, ile gundi ya kuzibia matundu, ikishamiminwa hairudi.

Sasa PAP, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. PAP ni ncha ya mhimili ambao mpira unauzungukia unapotoka mkononi mwa mchezaji HUYO. Mtu mmoja ana inchi 5 1/4 mlalo kutoka katikati ya mshiko na 1/2 juu, mwingine ana 4 1/2 na 1/2 chini. Halafu kuna fundi anayewatobolea wote kwa vipimo vilevile alivyovikariri! Kupima si kazi ngumu. Mpe mchezaji mpira usiotanua pete (mistari ya mafuta ya leni inayobaki kwenye mpira unapobiringika), plastiki inafaa kabisa, aurushe kama kawaida yake, uchukue pete ya mafuta kabla haijafutwa. Ichore kwa kalamu ya nta, tafuta kwa kipimo cha upinde nukta iliyo umbali sawa na kila sehemu ya pete, pima mlalo, pima wima, andika. Hakikisha kwa kubandika kipande kidogo cha utepe mweupe pale pale na kumwambia arushe tena. Utepe ukitulia mwanzoni mwa safari, umepata. Ukiyumba tangu unatoka mkononi, hujapata, rudia.

Bila PAP hakuna mpangilio wa matundu, kuna kubahatisha. Ile nukta ya rangi kwenye gamba, alama ya pini (si zile pini za kuangusha), inaonyesha kichwa cha kiini, yaani uzito uliomo ndani ya mpira, na umbali wake hadi PAP ndio unaoamua pete zitanuke kiasi gani. Inchi 3 3/8 hutanua zaidi. Ukisogea kuelekea 6 3/4, yaani robo ya mzunguko wa mpira, utanukaji unapungua hadi karibu kwisha, na ukiisogeza pini juu ya PAP yenyewe ni hivyohivyo. Kutanuka kuna maana kwa sababu kila mzunguko gamba kavu jipya linagusa leni. Pete zikilaliana, unakanyaga mafuta yaleyale. Ukiandika 50 × 4 1/2 × 40 unasema pembe ya kutobolea kwa digrii, umbali wa pini hadi PAP kwa inchi, na pembe ya mstari wa wima upitao kwenye PAP, nayo kwa digrii. Pembe ya kwanza ikiwa ndogo, mpira unaanza kubiringika mapema. Ya mwisho ikiwa ndogo, unageuka haraka ukikuta sehemu kavu. Zote tatu zinaanzia kwenye PAP. Ukiwa na PAP ya uongo, namba zote tatu ni za uongo.

Kuziba nako kuna wanaolipua. Ndani ya matundu ya zamani kuna mafuta na gundi ya insati, vile vipande vya kushikia vidole vinavyobandikwa ndani ya tundu. Usipokwangua kuta na kuzisafisha kwa spiriti, epoksi haishiki, na ufa unaanza kwenye daraja kati ya vidole viwili. Ukimimina nyingi kwa mkupuo inapata moto na kujaa mapovu. Na hata ukiziba vizuri kabisa, kiini kilichokatwa hakirudi kama kilivyokuwa, maana kilichojazwa hakina uzito sawa na kilichotolewa. Kiraka nacho hakinyonyi mafuta kama gamba, kwa hiyo kikikaa kwenye njia ya pete mpira unaruka pale. Mwambieni mteja haya KABLA ya kuchukua pesa yake.

Na msimdanganye kwamba mtarekebisha kwa tundu la ziada la mizani. USBC, chama cha bolingi cha Marekani, ililipiga marufuku kuanzia Agosti 1, 2020. Kila tundu ni la kushikia, na tofauti ya uzito kati ya pande isizidi wakia 3. Njia ya kujificha imefungwa.

Jibu:
Naunga mkono, ila ongeza mkono wenyewe. Wengi wanaolilia mwitikio wa mpira wana tatizo la mshiko. Urefu kati ya gumba na vidole ukizidi, au tundu la gumba likibana, mtu anaminya, gumba linachelewa kutoka, mizunguko inapungua. Hapo hata mpangilio uwe mzuri vipi, mpira utakuja mlegevu. Wenye silinda ya gumba (kipande cha kubadilisha chenye tundu la gumba) hawahitaji kuziba mpira mzima: toa silinda, gundisha mpya palepale, badilisha mwelekeo wa tundu kwa 1/8 ya inchi ujaribu. Ukielekea nje gumba linatoka mapema, ukielekea kiganjani linakaa zaidi.

Mwanzisha uzi:
Sahihi kabisa, na mshiko ukibadilika PAP nayo inaweza kuhama, kwa hiyo pima UPYA baada ya kurekebisha, usitumie karatasi ya zamani. Kuziba na kutoboa upya kuna mahali pake: mkono umebadilika kweli, au pini ilikaa vibaya hadi pete zinapita juu ya matundu na mpira unagonga tak tak tak kwenye leni. Hapo sina ugomvi. Wachezaji, kabla fundi hajawasha mashine mwombeni karatasi yenye PAP yenu, mpangilio wa zamani, mpangilio mpya, namba ya msasa na uzito wa pande baada ya kutoboa. Asipoweza kuijaza, chukueni mpira wenu mwondoke.