Nimelipia laptopu mpya ya i7 kizazi cha 12, nimeletewa mtumba wa kizazi cha 8, muuzaji anasema "i7 ni i7 tu boss"

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo wale wa kusoma kichwa na kukimbilia "pole mkuu, umepigwa" wapite tu. Nataka watu waone hawa jamaa wanavyocheza, maana siamini hata kidogo kwamba ni mimi peke yangu.

Niko Mwanza, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na ArchiCAD, programu ya kuchorea, ndiyo inayoniweka mjini. Mashine niliyokuwa nayo ilishachoka. Duka lenyewe liko Kariakoo. Jina sitalitaja kwa sasa kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwa watu, ila lina ukurasa wa Instagram wenye wafuasi lukuki na kila siku wanaposti maboksi yamepangwa mpaka darini. Waliweka Dell Latitude 5430: Core i7 kizazi cha 12, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16, SSD (diski) GB 512, mpya, shilingi 2,350,000. Nikamfuata muuzaji WhatsApp nikamuuliza kwa maandishi: ni mpya kweli, au ni zile zilizotumika Ulaya zikasafishwa? Akajibu hivi: "Mpya boss wangu, sisi hatuuzi mtumba." Picha ya posti ninayo, meseji ninayo, muamala wa Lipa Namba ninao. Mzigo ukapandishwa basi, nikaupokea stendi ya Nyegezi.

Boksi kweli la Dell. Ila solotepu ya kahawia ilikuwa imepigwa juu ya solotepu nyingine iliyokwishachanwa. Nikasema labda forodhani huko waliifungua. Nikaitoa mashine. Imefutwa vizuri, inanukia ile dawa ya kusafishia vioo. Nikainamisha kwenye mwanga wa dirisha: kitufe cha E, cha A na cha nafasi vinang'aa kwa mafuta ya vidole, wakati vitufe vya pembeni bado vina ule ukavu wa kiwandani. Juu ya tarakimu 3 kuna alama ya pauni ya Uingereza. Mpira mmoja wa chini umegundishwa kwa gundi ya kienyeji imevimba pembeni. Halafu karibu na kibodi wamebandika stika ya i7 inayong'aa kama imetoka kuchapishwa jana, na imekaa upande.

Kwa wasiojua: usiamini stika, na usiamini hata kile Windows inachokuandikia kwenye ukurasa wa sifa za mashine, kwa sababu jina la prosesa (hiyo i7, ubongo wa mashine) pale fundi mjanja anaweza kulibadilisha. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F2 (kwa Dell), uingie BIOS, ukurasa wa ndani wa mashine unaofunguka kabla ya Windows. Mimi niliingia. Mashine ikajitaja yenyewe: Latitude 5400, si 5430. Prosesa i7-8665U. RAM GB 8. Diski ndiyo pekee iliyokuwa GB 512, nadhani walijua hiyo ndiyo mtu anaiangalia kwanza. Na pale kwenye sehemu ambayo kampuni huandika namba ya mali yake, bado kulikuwa na namba ya ofisi fulani ya huko ng'ambo. Hawakujisumbua hata kuifuta! Yaani mashine mpya kabisa, haijawahi kuguswa, halafu ina namba ya hesabu ya mali za ofisi ya watu.

Chini ya kila Dell kuna namba ya utambulisho, herufi na tarakimu jumla yake 7. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell inakuletea mashine ilitoka kiwandani na vitu gani, ilisafirishwa lini, na waranti inaisha lini. Yangu ilitoka 2019, waranti imekwisha 2022. Nikaandika powercfg /batteryreport kwenye ile dirisha jeusi la amri, betri ikaonyesha kwamba uwezo wake umebaki kama asilimia sitini hivi ya ule wa kiwandani. Nikapiga picha kila kitu, namba ya mashine ikionekana kwenye kila picha.

Sasa njoo kwenye majibu.

Nilipompigia, jambo la kwanza alilosema ni hilo la kichwa cha uzi: "i7 ni i7 tu boss, tofauti ni ndogo." Tofauti ndogo! Ile 8665U ni ya 2019, ina kore 4, yaani sehemu 4 za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Ile i7-1255U inayokaa kwenye 5430 ni ya 2022, ina kore 10. Neno i7 peke yake halikwambii kitu, angalia tarakimu zinazofuata baada ya kistari: zikianza na 8 ni kizazi cha 8, zikianza na 12 ni cha 12. Mtu anayeuza kompyuta kila siku ya Mungu Kariakoo hajui hilo? Anajua vizuri kuliko mimi. Anachotegemea ni kwamba wewe hujui.

Nilipombana, akabadilisha: stoo wamekosea, vijana wamechanganya maboksi. Sawa, basi nitumie ile niliyolipia. "Hiyo imeisha boss, mzigo unakuja." Lini? "Ukiingia nitakushtua." Na hapo ndipo ukaanza mchezo ambao ndiyo sababu ya kuandika uzi huu. Akaanza kunipa vitu. Kwanza stiki ya RAM ya GB 8, "utaongeza mwenyewe, zinakuwa 16, tumemalizana." Kesho yake na begi. Halafu na mausi isiyo na waya. Halafu akasema atanirudishia laki moja. Kwa sauti ya upole kabisa, kaka, mkubwa wangu, tusifike mbali.

Wakuu, msipokee hivyo vitu. Siyo ukarimu. Ukishapokea stiki na begi, kesho atasema mteja aliona tofauti, tukajadiliana, akaongezewa vitu, akaridhika, hii hapa meseji yake ya "asante". Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na isipolingana una haki ya kuikataa. Lakini ukikaa nayo muda mrefu bila kusema unaikataa, au ukaanza kuitumia kama mali yako, unahesabika umeikubali. Ndiyo maana anakupiga danadana. Kila siku anayokuzungusha ni siku anayojijengea yeye. Mimi niliirudisha kwenye boksi siku ileile, sikuweka hata programu moja, nikamwandikia: bidhaa uliyoleta siyo niliyonunua, ninaikataa, nataka fedha yangu yote, mashine iko tayari kuchukuliwa. Nikaituma WhatsApp na kwa barua pepe ya duka. Ile "asante" sikumpa hata kwa salamu.

Akanitumia picha ya bango lao la ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikacheka kwa hasira. Mimi sirudishi bidhaa niliyouziwa, bidhaa niliyouziwa sijawahi kuiona! Hapa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu gunia limeandikwa usifungue. Na kuita mtumba "mpya" hakuhitaji bango kujadiliwa. Sheria ya Ushindani namba 8 ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Nikawaandikia malalamiko na vielelezo vyote, posti, meseji, muamala, picha za BIOS.

Polisi nilipita pia. Afande wa kaunta alisikiliza nusu, akasema hii ni madai, siyo jinai, nenda mahakama ya mwanzo. Nikamwambia afande, Kanuni ya Adhabu ina kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, huyu kaniandikia mwenyewe kwamba ni mpya. Akaniangalia kama ninayemfundisha kazi. Yaliishia hapo.

Kilichomtoa jasho muuzaji ni kingine kabisa. Risiti. Ndani ya boksi kulikuwa na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, imeandikwa "COMPUTER ACCESSORIES", shilingi 350,000. Mimi nimelipa milioni mbili na laki tatu na nusu! TRA, mamlaka ya mapato, wanaimba "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" mpaka watoto wanaijua, na huyu anatoa risiti ya bei ya kibodi na chaja. Nikamwandikia kwa heshima zote: ndugu, naomba risiti ya kiasi halisi nilicholipa, ikitaja aina ya mashine. Mtu ambaye meseji zangu alikuwa anazisoma na kunyamaza, safari hii alipiga mwenyewe, tena mara mbili mfululizo. Ghafla meneja yupo, mzee mwenye duka yupo, kila mtu anataka tumalizane kiungwana.

Ila sasa kila mmoja anamwogopa mwenzake. Wao wanasema rudisha mashine kwanza tuikague, ndipo turudishe pesa. Thubutu! Mashine ikipanda basi na pesa iko kwao, nabaki na nini mkononi? Tena wangeweza kusema niliyorudisha siyo waliyoituma. Nikarekodi video moja bila kukata, namba ya chini ya mashine, BIOS, mpaka kuifunga kwenye boksi, nikaituma mashine kwa basi kwa mdogo wangu aliyeko Tabata, Dar. Nikamwambia: usimwachie mtu yeyote boksi mpaka nikupigie niseme pesa imeingia.

Dogo alifika dukani saa ya wateja wengi. Wakamkagulia, wakakubali ni yenyewe, wakanitumia 2,200,000. Iliyobaki 150,000? "Gharama za usumbufu." Usumbufu wa nani?! Nikamwambia dogo asiachie boksi. Yule mtoto ana roho ngumu kuliko yangu. Alisimama palepale kaunta akalikumbatia boksi, akawa anasoma meseji za muuzaji kwa sauti, moja baada ya nyingine, wateja wanasikiliza. Alipofika kwenye "sisi hatuuzi mtumba" dada mmoja aliyekuwa anahesabu pesa zake akazirudisha kwenye pochi. Ile laki na nusu iliingia kabla dogo hajafungua meseji nyingine.

Kwa hiyo ndiyo, fedha ya mashine nimeipata. Sasa wananiomba nifute malalamiko FCC, eti tumeshamalizana. Sifuti. Leo asubuhi nimefungua ukurasa wao, posti ileile imerudi juu, Latitude 5430, mpya, bei wameishusha kidogo, na picha ni zilezile za mtandaoni. Mashine niliyowarudishia iko pale dukani, wakuu, na mnajua inakoelekea.

Kama kuna mtu humu amelipia Latitude wiki hii kutoka Kariakoo na anasubiri basi, ukipewa boksi iwashe hapohapo ofisi ya mizigo, bonyeza F2. Ukikuta 5400 na alama ya pauni kwenye kitufe cha 3, usisogee, njoo PM (ujumbe wa faragha) nikupe video yangu na namba ya malalamiko uunganishe na yako.

Na wenye duka, najua mnasoma, maana kijana wenu alinifuata PM jana kwa akaunti iliyofunguliwa jana hiyohiyo. Bado mna deni langu la elfu ishirini na tano, ni kuleta na kurudisha mzigo wenu kwa basi. Namba yangu ya simu mnayo.