Cheti cha mwalimu wa yoga kwa siku 10: nilipe au ni changa la macho?

Bi_Likoni
Assalam aleikum wanajamvi. Mimi ni mchuaji kwenye hoteli moja huku Diani, mwaka wa sita sasa. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nawatoa wageni ufuoni tunanyoosha viungo. Yoga nimeiokota kwenye video na kwa mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akija kila Desemba. Sasa kaja meneja mpya, asema bima ya hoteli haimjui mtu asiye na cheti. Nilete cheti cha mafunzo ya saa 200 kabla ya msimu, la sivyo ataleta mtu kutoka Nairobi.

Nimeona tangazo: saa 200 mtandaoni, siku 10, shilingi 18,000, cheti "kinatambulika dunia nzima" na chatumwa kwa WhatsApp. Akiba yangu ya chama ni 60,000. Na jengine, mamangu hataki hata kulisikia neno yoga, asema ni ibada ya Kihindi. Nishaurini.

Fundi_Hesabu
Dada, 200 gawa kwa 10 ni saa 20 kwa siku. Kazini utaenda saa ngapi? Na kulala je?

Mzee_wa_Kete
Mnamtisha bure. Yoga si ile ile PE ya shule ya msingi, mikono juu, gusa vidole? Meneja ataka karatasi, mpe karatasi. Lipa 18,000 uendelee na kazi.

Mkeka_Mchakavu
Mzee, hiyo karatasi ndiyo ya kwanza kusomwa siku mgeni akiumia.

Bi Likoni, nafundisha Nairobi mwaka wa tisa. Wengi hawajui kuwa hapa kwetu hakuna leseni ya serikali ya kufundisha yoga. Hizo saa 200 ni kipimo cha Yoga Alliance ya Marekani, na wao kazi yao ni kuweka orodha ya shule na walimu, basi. Hawaji kukukagua ufuoni. Lakini hoteli na kampuni za bima zimekizoea kipimo hicho, kwa hiyo meneja wako hajakosea. Orodha ya shule iko kwenye tovuti yao, unaandika jina unaangalia. Shule isipokuwemo, hata ukisoma miaka miwili huwezi kujisajili kwao kwa cheti chake. Kusoma mtandaoni si kosa, wameruhusu tangu wakati wa korona. Kosa ni hizo siku 10. Anatomia peke yake ni saa 30, na ualimu wenyewe, kusimama mbele za watu ukafundisha huku mkufunzi anakuangalia, una saa zake.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianza na cheti cha bei ya kutupa. Mwezi wa pili nikapata darasa la wafanyakazi wa ofisi. Bwana mmoja, mkimbiaji, kainama kugusa vidole, magoti yamekunjika kidogo. Nikamwambia, "Nyoosha magoti, sukuma kisigino." Akanyoosha. Akashika chini ya kalio, pale unapokalia, uso ukambadilika. Msuli wa nyuma ya paja umechanika kwenye shina lake. Miezi mitano hakukimbia. Siku hizi neno langu la kwanza kwa anayeinama ni "kunja magoti", halafu tunaona mgongo unasemaje. Kwenye ile kozi yangu ya bei ya kutupa hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini.

Kwa hiyo wapigie hao jamaa uwaulize jambo moja tu: nani ataniangalia nikifundisha?

Njia nyingine zipo. Africa Yoga Project ya hapa Nairobi iko tangu 2007 na imetoa walimu wengi vijana waliotoka mitaa ya kawaida, uliza habari za ufadhili. Kuna shule nyingine ya wikendi tu, hiyo nitakutumia faraghani. Ukipata wa kukushika mkono uende Rishikesh, ule mji wa India wenye shule nyingi za yoga, viza ya utalii ya mtandaoni ya India inaruhusu kozi fupi za yoga, ila chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari. Ukitoka Kenya bila kadi ya chanjo hiyo wanaweza kukuweka karantini.

Na usiguse wajawazito kwa cheti cha 200. Hao wana mafunzo yao, saa 85.

Mpwani_Jeddah
Waaleikum salaam shoga yangu. Mimi nitajibu la mama.

Hofu yake si ya kuchekwa. Malaysia baraza la fatwa liliikataza yoga mwaka 2008, kisha ikafafanuliwa kuwa tatizo ni nyimbo na itikadi, si kunyoosha mwili. Na huku niliko, Saudia, serikali iliitambua kama mchezo wa kawaida Novemba 2017. Mimi naenda darasa la wanawake watupu, hatuimbi chochote. Kwa hiyo uliza shule mapema kama kuimba mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, ni lazima au hiari, wengine wanakwambia ukishalipa. Falsafa utaisoma kwenye kozi, huikwepi, lakini kuisoma si kuiabudu. Mamako usimfiche. Atasikia kwa jirani wa Likoni, na hapo ndipo ugomvi.

Mzee_wa_Kete
Haya, nimeshindwa. Lakini kuinama nitainama magoti yamenyooka.

Mkeka_Mchakavu
Mzee tafadhali.

Bi_Likoni
Nimewapigia. Nimeuliza nani ataniangalia nikifundisha, akajibu, "Jirekodi tu madam, si lazima ututumie." Kisha akanishushia bei mpaka 12,000 kabla sijakata simu.

Meneja nimemwomba nianze kozi ya kweli na nilete barua ya shule badala ya cheti kwa msimu huu. Amesema ataiuliza bima, na kwa sasa nisiwasimamishe wageni kwa kichwa. Mamangu nimemwambia jana baada ya isha. Hajajibu, ameuliza tu kama huko darasani kuna wanaume.

Mkeka, ile shule ya wikendi wanaanza lini? Na wanapokea kidogo kidogo, au wataka zote mara moja?