Nalazimishwa kusaini kwamba naacha kazi "kwa hiari", ghala la korosho Mtwara

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala moja hapa Mtwara mjini, mwaka wa 8 huu. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, malori ya Newala na Tandahimba yanapanga foleni hadi usiku wa manane, unasinzia juu ya magunia. Sijawahi kuandika kilo ambayo sikuiona kwenye mizani.

Tangu aje meneja mpya ni minong'ono tu kwamba watu watapunguzwa, na ofisi nzima imekuwa majungu. Kuna mwenzangu tuliyekula naye sahani moja miaka yote. Sasa kila asubuhi anaingia kwa bosi, akitoka yeye naitwa mimi. Wiki iliyopita nikaambiwa mzigo umepungua uzito, kosa langu. Jamani, korosho ikikaa ghalani inakauka! Unyaufu hata mkulima anaujua. Nikaomba tufungue daftari tuangalie tarehe ya kupokea na ya kutoa. Meneja akalifunga, akaweka kiganja juu yake.

Jana kaleta barua. Imeshachapwa, jina langu lipo, eti naacha kazi kwa sababu za kifamilia. Kalamu kaitoa kifuniko mwenyewe. "Saini ndugu yangu tumalizane kwa amani, nisije nikakuandikia wizi."

Miaka 8, halafu wizi! Wanajua nikisaini kiinua mgongo kimekwenda, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka niliotumika. Kama kweli wanapunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawataka watoe taarifa, waeleze sababu, wakae na sisi tujadiliane. Hatujaitwa kikao hata kimoja.

Sikusaini. Barua nimeipiga picha, na kila jioni naandika nyumbani nani kasema nini, mbele ya nani. Ukifukuzwa una siku 30 tu za kufika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa hiyo nisikutwe sina karatasi.

Mliopitia haya nisaidieni: wakinipa barua ya kujieleza kuhusu huo wizi, nijibu mwenyewe au nitafute kwanza mtu wa chama cha wafanyakazi? Jumatatu saa 2 asubuhi natakiwa ofisini kwake.